Inchi Tatu

Niliinunua kwenye mnada wa ushirika wa tumbaku,
Landrova isiyo na pumzi, ikavutwa na trekta
toka Urambo hadi uani kwetu Isevya.
Kuku wakaihamia siku hiyo hiyo
kabla sijajua ni mlango upi unaofunguka.
Jirani akachungulia juu ya minyaa:
"Nyamizi, umenunua gari au banda?"

Kiangazi kizima nililala chini yake.
Nikajua tabia za nati.
Ipo inayotoka kwa maneno matamu.
Ipo inayotaka kitambaa cha mafuta ya taa, usiku kucha.
Na ipo moja, ya pini ya springi, nyuma kushoto,
iliyonivunjia spana mbili
na heshima yangu yote mbele ya watoto wa mtaa.

Boshi nilizichonga kwa raba ya tairi la lori.
Gasketi nikaikata kwenye kalenda ya mwaka juzi:
Machi yote, pamoja na Pasaka,
imebanwa sasa chini ya injini, na haivuji.
Kila bolti nikaipaka nta,
mabaki ya mizinga ya baba,
maana kutu na mchwa, alikuwa akisema,
ni ndugu wa tumbo moja, hawapigi hodi.

Hapo ningeacha.
Lakini naijua mbuga ya kwenda Ipole mvua zikichanganya,
ule udongo mweusi
usiorudisha kiatu, usiorudisha ndama,
unaomeza ekseli kama tonge.
Nikaongeza jani la springi ya Fuso kila upande.
Nikarefusha shakeli kwa chuma cha plau.
Bomba la kupumulia nikalipandisha hadi paani,
plastiki ile ile ya maji ya bafuni.
Nikaazima futi ya fundi cherehani, nikapima:
inchi tatu.
Inchi tatu kamili juu ya alivyoiacha aliyeiunda!
Mihayo wa kuchomelea akavua miwani yake myeusi,
akaizunguka mara mbili, akasema,
"Hili sasa ni gari."
Nikatembea siku nzima kama niliyeinuliwa mimi.

Asubuhi mama akatoka na kitenge cha safari,
kikapu, na ndala mkononi.
Miaka sita hajaiona mizinga,
tangu tulipomzika mwenye kuipandisha mitini.
Akainua mguu.
Haukufika.
Akashika nguzo ya mlango, akajivuta,
akacheka kidogo, kicheko kile
cha mtu anayeficha goti.
"Umemtengenezea nani, mwanangu? Twiga?"

Nilikuwa nimepima tope.
Nilikuwa nimepima maji ya Koga, urefu wa visiki,
pembe ya kupandia kichuguu.
Goti la Nyanzala binti Kapela
halikuwamo kwenye daftari langu.

Ningeweza kuishusha. Nilishika hata jeki.
Mama akasema, "Acha. Tope halina huruma na magoti yangu.
Nipe mahali pa kukanyaga tu."

Umeme ulikatika saa moja, ukarudi saa nne usiku.
Tukang'oa chaga ya kitanda cha chuma cha stoo,
Mihayo akaichomelea chini ya mlango,
cheche zikimwamsha jogoo, akiwika ovyo.
Juu yake nikagandisha raba, nusu ya ndala,
mama asije akateleza.

Alfajiri alikanyaga, akapanda,
akakaa kimya kidogo,
akatazama juu ya minyaa.
"Kumbe jirani ana mabati mapya," akasema,
"na hakutuambia."

Injini ilikataa mara ya kwanza.
Mara ya pili ikakohoa moshi wa buluu.
Ya tatu uani kote vifaranga vikatawanyika
na sufuria zikalia kwenye kichanja.

Tetea mmoja hakukubali kushuka.
Tulikwenda naye hadi Sikonge.